Chombo cha Kahawa Nyumbani na Afya ya Moyo

Mwaka jana mwalimu mmoja mstaafu alirudi kliniki akiwa na majibu ya damu yaliyotushangaza sote wawili. Lehemu mbaya, yaani ile ya LDL, ilikuwa imepanda, ilhali dawa alikuwa akimeza bila kuruka siku na nyama choma alikwisha kuiaga. Nilimhoji kuhusu mafuta ya kupikia, mayai na soseji. Walipokuwa wakinyanyuka kuondoka, mkewe akasema kwamba watoto wamemletea baba yao birika la kioo la kubonyeza, na siku hizi hunywa vikombe vitano au sita vya kahawa kwa siku. Swali hilo nilipaswa kuliuliza mimi.

Buni ina mafuta yenye kemikali mbili, kafestoli na kahweoli. Maji ya moto huyatoa mafuta hayo katika unga. Kama yatafika kikombeni au la, huamuliwa na chombo. Kafestoli hulifanya ini lipunguze kiasi cha lehemu linachokigeuza kuwa nyongo, na hivyo lehemu huongezeka katika damu.

Karatasi ya kuchujia huzuia karibu mafuta yote hayo. Wavu wa chuma uliomo katika birika la kubonyeza huyapitisha. Kahawa inayochemshwa pamoja na unga wake, iwe kwenye dele au sufuria, imo katika kundi hilohilo. Espreso huwa na kafestoli pia, ila kikombe chake ni kidogo. Uzito wa jambo hutegemea idadi ya vikombe. Kahawa ya kuyeyusha ina kiasi kidogo sana.

Wa kwanza kulizindua jambo hili walikuwa watafiti wa Tromsø, Norwei, ambao mwaka 1983 walionyesha kwamba wanywaji wa kahawa walikuwa na lehemu nyingi zaidi. Huko desturi ilikuwa kuichemsha. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti mwingine wa Norwei uliofuatilia watu zaidi ya 500,000 kwa wastani wa miaka 20: vifo vilikuwa vichache miongoni mwa wanywaji wa kahawa iliyochujwa kuliko wa isiyochujwa. Utafiti wa namna hiyo peke yake hauthibitishi chanzo, lakini unaafikiana na yale tuyajuayo kuhusu kafestoli.

Basi, ununue nini? Kwa anayekunywa kila siku, hasa mwenye lehemu nyingi, ninapendekeza kichujio cha umbo la pia kinachowekwa juu ya kikombe na kutiwa karatasi. Bei yake ni nafuu na hakihitaji umeme. Mashine ya umeme ya kudondosha hufuata kanuni ileile, ila chunguza kikapu chake: baadhi huja na wavu wa kudumu, na hapo utatakiwa kutandika karatasi mwenyewe. Tangi lake lisafishwe na kukaushwa, na maji yawe salama tangu mwanzo, kwa kuwa mashine si mbadala wa kuchemsha maji ya kunywa.

Chombo chochote utakachochagua, iache kahawa ipoe kidogo. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, kupitia wakala wake wa utafiti wa saratani, liliainisha vinywaji vinavyozidi nyuzijoto 65 kuwa yumkini husababisha saratani ya umio, ugonjwa unaotusumbua sana Afrika Mashariki. Mjamzito asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku.

Haya hayamkatazi mtu kikombe cha kahawa chungu na kashata barazani mara mojamoja. Kinachohesabika ni mazoea ya kila siku.

Mwalimu hakuacha kahawa, alibadili chombo. Miezi mitatu baadaye lehemu ilikuwa imeshuka, ingawa bado anaendelea na dawa. Birika la watoto sasa hutumika kwa mchaichai. Nami, tangu siku ile, nikimuuliza mgonjwa anakunywa vikombe vingapi, humuuliza pia anaitengeneza kwa chombo gani.