Wakati wa Swala na Wakati wa Miadi: Nasaha kwa Wakazi wa Dodoma

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeujaalia usiku na mchana kufuatana. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, watu wengi wamekuja kutoka Dar es Salaam, na wengine huenda na kurudi, hasa baada ya treni ya umeme kuanza safari zake mwaka 2024. Kutokana na hali hiyo tunaona haja ya kueleza masuala mawili. Je, inafaa kufuturu Dodoma kwa adhana ya redio kutoka Dar es Salaam? Na je, mtu ana lawama akichelewa miadi, ilhali kuchelewa kumekuwa mazoea? Asili ya masuala haya ni moja: upo wakati unaofuata jua, na upo wakati unaofuata makubaliano ya watu.

Wakati wa ibada hufuata jua la mahali

Surat An-Nisaa, aya ya 103, inatujulisha kuwa Swala ni faradhi yenye nyakati maalumu. Adhuhuri huingia jua linapopinduka, na Magharibi linapotua. Lakini jua halitui katika miji yote kwa pamoja. Kila digrii moja kuelekea magharibi huchelewesha machweo kwa dakika 4. Dodoma iko magharibi ya Dar es Salaam kwa digrii tatu na nusu hivi, basi jua lake huchelewa kutua kwa dakika 14 hivi. Singida huzidi Dodoma kwa dakika 4 hivi, na Kigoma hutofautiana na Dar es Salaam kwa karibu dakika 39. Saa zetu hazionyeshi tofauti hii, kwa kuwa nchi nzima hutumia majira mamoja.

Kwa hiyo, anayefuturu Dodoma kwa adhana ya Magharibi ya Dar es Salaam amekula kabla ya jua kutua. Kwa kauli ya wanavyuoni walio wengi, ikiwemo madhehebu ya Imam Shafii, atailipa siku hiyo hata kama alidhani kuwa limetua. Ama Alfajiri, kuacha kula kwa adhana hiyo hakudhuru Saumu, lakini kuswali kwayo kabla wakati haujaingia Dodoma hakusihi. Naye abiria wa treni hufuata jua la pale alipo, si la mji alioondokea.

Miadi hufuata ada

Miadi ya watu hupimwa kwa mizani nyingine. Mtu husema: "Karamu yetu ni usiku wa Ijumaa." Anayehesabu siku kuanzia machweo, kama ilivyo katika sheria yetu, hufahamu usiku wa kuamkia Ijumaa. Anayehesabu kwa kalenda ya ofisini huja usiku unaofuata mchana wa Ijumaa, akakuta majamvi yamekunjwa. Wote wawili ni wakweli. Hapa ndipo mafakihi wanapotumia kanuni ya *al-aadatu muhakkamah*, yaani ada ndiyo inayoamua maana ya maneno. Mji ukiwa na watu wa ada mbalimbali, ni wajibu wa mwalikaji kubainisha: "Alhamisi kuamkia Ijumaa, saa 3 usiku."

Huenda mtu akasema: kama ada ndiyo mwamuzi, nasi ada yetu ni kuandika saa 4 kwenye kadi na kufika saa 6, basi hakuna lawama. Jibu ni kwamba ada hufasiri neno, lakini haihalalishi kuvunja ahadi. Ikiwa wote wamefahamiana kuwa saa 4 ni ya kukusanyika na ndoa itafungwa saa 5, hiyo ni tafsiri. Ama imamu, walii na mashahidi waliofika saa 4 wakawekwa mpaka Adhuhuri, hao hawakukubaliana na yeyote juu ya hilo.

Imam Nawawi ameeleza katika *Al-Adhkar* kuwa wanavyuoni wamehitilafiana: wengi wanaona kutimiza ahadi ni sunna, na kuiacha ni karaha kubwa, wengine, akiwemo Umar bin Abdulaziz, wanaona ni wajibu. Hakuna aliyesema ni jambo dogo, na Mtume (s.a.w.) amekuhesabu kuvunja ahadi kuwa katika alama za mnafiki. Wala neno "Inshaallah" halikuwekwa liwe kificho cha asiyekusudia kuja.

Nyakati za kubisha hodi

Surat An-Nur, aya ya 58, inataja nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani huomba idhini kabla ya kuingia: kabla ya Swala ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya Isha. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mtoto wa nyumbani, mgeni ana haki zaidi ya kujizuia, na simu isiyo na dharura nayo ni kama hodi.

Tunawausia maimamu wabandike misikitini ratiba iliyohesabiwa kwa Dodoma yenyewe, na wawe wa kwanza kufika kwenye ndoa wanazozifungisha. Anayelinda dakika 14 za futari yake, na alinde pia saa mbili za ndugu yake anayemngoja.

Wallahu aalam.