Maji Tohara, Je, ni Salama Kunywa?



Katika somo la fiqhi mlango wa kwanza tunaosomeshwa ni mlango wa tohara, na mlango huo huanza na maji. Tumejifunza kwamba maji yakifika kulatayni, yaani kiasi cha pipa moja kubwa la lita 200 hivi, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Wengi wetu tumelihifadhi somo hilo, alhamdulillah. Lakini lipo swali ambalo hatujiulizi: maji ambayo hayakubadilika rangi, ladha wala harufu, je, ndiyo maji salama ya kunywa? Katika makala hii tutaeleza kwa nini jibu ni hapana. Mfano wetu mkubwa utakuwa ardhi ya mawe ya chokaa, kwa sababu huko ndiko maji yanakomdanganya mtu zaidi.

Mchanga ni kifumbu

Sote tumewaona mama zetu wakichuja tui kwa kifumbu. Machicha hubaki na tui hupita. Ardhi ya mchanga hufanya kazi kama hiyo. Mvua ikinyesha, maji huzama na kupenya polepole katikati ya chembe za mchanga, mara nyingi kwa mwendo wa sentimeta au mita chache tu kwa siku. Katika safari hiyo ndefu vijidudu vingi hunaswa au hufa kabla ya maji kufika kisimani. Hii ni rehema kubwa kwa watu wa bonde la Rufiji, ambako mto umeweka mchanga na udongo kwa miaka mingi.

Mawe ya chokaa hayako hivyo. Chukua kipande cha tumbawe au gamba la chaza ukamulie ndimu. Utaona povu dogo likitoka, maana uchachu unaliyeyusha jiwe. Maji ya mvua nayo huchukua hewa ya ukaa angani na kwenye udongo, yakawa na uchachu mdogo sana. Yakipita katika nyufa za mawe ya chokaa kwa maelfu ya miaka huzipanua, ufa ukawa mfereji na mfereji ukawa pango. Hatuna haja ya kwenda mbali kuona ushahidi. Tukishika barabara ya kusini kutoka hapa Nyamwage tunaingia wilaya ya Kilwa, na huko kwenye milima ya Matumbi, upande wa Kipatimu, yapo mapango makubwa ya chokaa, likiwemo pango mashuhuri la Nang'oma.

Katika ardhi kama hiyo maji hayachujwi. Hupita katika mifereji ya chini kwa chini, na yanaweza kusafiri mamia ya mita, hata kilomita, kwa siku moja. Kifumbu kimetoboka. Kinachoingia shimoni leo asubuhi kinaweza kufika kisima cha jirani kabla ya kesho, nacho kiko vilevile kilivyoingia.

Mfano wa Unguja

Ndugu zetu wa Unguja wanaishi juu ya mawe ya namna hii. Sehemu za kusini na mashariki ya kisiwa, kama Makunduchi, Jambiani na Paje, ni ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo haba. Mito midogo ya kisiwa ni michache, na baadhi yake hupotea ndani ya mawe kabla ya kufika baharini. Kwa hiyo maji wanayotumia watu karibu yote hutoka chini ya ardhi, katika chemchemi, visima na mapango. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliwaletea watu wa mjini maji ya mabomba kutoka kwenye chemchemi za upande wa Bububu.

Sasa mji umekua, na nyumba nyingi zina vyoo vya shimo na makaro. Chini ya makaro hayo yapo mawe yenye nyufa, na chini ya nyufa yapo maji ya kunywa. Kipindupindu kimeingia Unguja na Pemba mara nyingi tangu 1978, na mlipuko ulioanza mwaka 2015 uliendelea hadi 2016. Hatusemi kwamba mawe ndiyo yanayoleta kipindupindu. Kinaletwa na uchafu wa binadamu kuingia katika maji na chakula. Lakini ardhi isiyochuja humfungulia adui mlango.

Hata nchi tajiri hazikusalimika. Mwezi Mei 2000, katika mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada, mvua kubwa ilisomba vijidudu kutoka kwenye samadi ya ng'ombe iliyokuwa shambani. Karibu na hapo palikuwa na kisima cha mji, kifupi, kwenye mawe ya chokaa yenye nyufa. Dawa ya klorini iliyotiwa haikutosha. Watu 7 walifariki na wapatao 2,300 waliugua, katika mji wenye watu kama 5,000 tu. Vijidudu vile havikuonekana kwa macho, wala havikuonjeka katika maji.

Bahari nayo inapokea

Maji ya chini ya ardhi hayakai mahali pamoja. Yanateremka kuelekea baharini, na katika pwani za matumbawe huchomoza ufukweni au chini ya bahari yenyewe. Yakibeba uchafu wa makaro, huwa mbolea kwa magugu ya baharini. Magugu yakizidi huyafunika matumbawe hai, matumbawe yakafa, na samaki wakakosa makazi. Kisiwa cha Mafia, kinachotazamana na delta yetu, kimejengeka kwa matumbawe, na kina hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Mikoko ya delta ya Rufiji, zaidi ya hekta 50,000, ni malezi ya kamba na samaki tunaowala. Kwa hiyo anayechafua maji ya chini anachafua pia kitoweo.

Turudi kwetu

Huenda msomaji akasema: sisi tuna mchanga, tumesalimika. Tusijidanganye. Kifumbu nacho kina kiasi chake. Choo kikiwa karibu mno na kisima, au shimo likifika kwenye maji, mchanga haupati nafasi ya kuchuja. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia katika vijiji vingi vya Rufiji na Kibiti. Mafuriko yakifika kwenye vyoo na visima, hakuna tena mchanga katikati. Maji ya choo na ya kisima huwa ni maji mamoja.

Nasi hatutawanyooshea wengine kidole tu. Tulipopima kwa hatua kutoka kisima tunachotawadhia mpaka choo chetu cha madrasa, tulipata hatua 25, na choo kiko upande wa juu. Maji yetu ni mengi, maangavu na hayana harufu. Kwa kutawadha hatuna shaka nayo. Kwa kunywa tumeacha, mpaka yachemshwe.

Hapo ndipo tunapopata jibu la swali letu. Fiqhi inapotuambia maji ni tohara, inatujibu kuhusu udhu na josho. Haijasema kwamba kila maji tohara yanafaa tumboni. Maji ya bahari ni tohara, lakini nani kati yetu huyanywa? Na dini hiyohiyo imetukataza kukojoa katika maji yaliyotuama na kujisaidia mahali watu wanapoteka maji, na imetukataza kudhuru na kudhuriana.

Basi tushikamane na haya:

1. Choo kichimbwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko. Kwenye mawe ya chokaa hata umbali huo hautoshi. Shimo lijengewe lisivujishe, na uchafu uondolewe.
2. Tusitupe taka, mizoga, mafuta machafu wala makopo ya dawa za shamba katika mapango, mashimo au visima vilivyoachwa.
3. Kisima kijengewe ukingo na kifunikwe, na ndoo ya kutekea isiwekwe chini.
4. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa.
5. Baada ya mafuriko, kisima kisinywewe mpaka kisafishwe na kutiwa dawa.

Ama sisi, tumekubaliana na walimu wetu kwamba choo kipya kitachimbwa upande wa bondeni, mbali na kisima, na wanafunzi wakubwa ndio watakaoanza kuchimba baada ya mavuno. Anayesoma makala hii akirudi nyumbani, naye apime hatua zake.