Jua la Utosi na Uso wa Mchuuzi

Katikati ya Oktoba, kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, jua hupita karibu kabisa juu ya utosi wa mtu aliyesimama sokoni Mwanjelwa, Mbeya. Jiji hilo liko takriban nyuzi 9 kusini mwa ikweta, nalo jua hulifikia majuma matatu hivi baada ya kuvuka ikweta mwezi Septemba. Mchuuzi wa viazi aliyejikinga chini ya turubai yumo kivulini, huku barabara iliyo nyuma yake ikiwaka. Mpige picha kwa kamera iliyoachwa ijipangie kila kitu: mara nyingi utapata barabara safi na mtu asiye na uso.

Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui thamani ya uso. Huchukulia kwamba mandhari yote, ikichanganywa pamoja, ni ya kijivu, inayorudisha kati ya asilimia 12 na 18 ya mwanga unaoiangukia. Barabara ikitawala picha, kamera huibana ifikie kijivu hicho, na uso huzama nayo.

Mpigapicha aanzie kwenye tundu la lenzi. Namba zake, f/2, f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, huwachanganya wengi kwa sababu namba ikikua tundu hupungua. Ni hesabu ya kugawanya tu: urefu wa fokasi ya lenzi kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 ikiwa kwenye f/2 ina tundu la milimita 25. Kwenye f/4, milimita 12.5. Lakini mwanga hupita kwenye eneo zima la tundu, na kipenyo kikipungua nusu, eneo hubaki robo. Ili mwanga upungue nusu, yaani hatua moja, kipenyo kinagawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani takriban 1.4. Ndiyo siri ya mfululizo ule unaoonekana hauna mpangilio.

Kwenye jua kali, kwa usikivu wa ISO 100, barabara hutoka vizuri kwa f/8 na shata ya sekunde 1/500. Chini ya turubai mwanga ukiwa umepungua mara 8, hizo ni hatua 3: fungua tundu hadi f/4, hatua 2, kisha shata iwe 1/250, hatua ya tatu. Barabara itaungua, na iungue. Uso ndio habari. Ningesita kufungua hadi f/2, kwani magunia na mizani yatayeyuka kuwa ukungu, na mchuuzi bila bidhaa zake amepunguzwa. ISO ningeigusa mwisho: haikiongezei kihisi mwanga wowote, na ikipanda sana huleta chenga.

Kupotea huku kwa uso mweusi pichani kuna historia inayouma. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilirekebisha mitambo yao kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza kwamba malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao yalichangia kampuni hiyo kuboresha rangi za kahawia kwenye filamu zake. Ngozi zetu zilinufaika kwa kufuata nyuma ya kabati na peremende.

Kamera nyingi za leo hutambua nyuso, lakini kijivu kile bado kimo ndani yake. Kwa hiyo pima mwanga kwenye uso wenyewe, kwa kipimo cha doa kinachopima sehemu ndogo tu ya picha, au tumia kitufe chenye alama za + na − kuongeza au kupunguza mwanga. Mchele mweupe wa Kyela ukijaza fremu, kamera itaufanya wa kijivu. Ongeza hatua moja hivi. Mtu mweusi aliyevaa koti jeusi mbele ya ukuta wenye giza atapaushwa. Punguza hatua moja, rangi ya ngozi yake irudi.