Magonjwa Yanayoharibu Utando wa Mishipa ya Fahamu
Mwongozo kwa familia za Ash Sharqiyah na Ad Dakhiliyah

Ubongo hupeleka amri zake mwilini kupitia mishipa ya fahamu. Mingi ya mishipa hiyo imevikwa utando wa mafuta uitwao mayelini, ambao kazi yake hufanana na mpira unaofunika waya wa umeme: huulinda mshipa na kuuwezesha kupitisha habari kwa kasi. Utando huo ukiharibika, habari huchelewa njiani au hukatika. Ndipo jicho linapofifia, mguu unapolegea au mkono unapokufa ganzi, ingawa jicho, misuli na mifupa vyenyewe ni vizima.

Magonjwa yenyewe

Ulio mashuhuri ni multipo sklerosisi, kwa ufupi MS, ambao daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza kwa kina mwaka 1868. Hospitalini Oman huenda ukatajwa kwa Kiarabu: at-tasallub al-muta'addid. Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na viini vya maradhi, hushambulia mayelini ya ubongo na uti wa mgongo. Aghalabu huanza baina ya umri wa miaka 20 na 40, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 2.8 duniani walikadiriwa kuishi nao. Hauambukizi, wala haukuletwa na husuda au laana. Mgonjwa hula, hulala na kulea watoto pamoja na jamaa zake bila ya hatari kwa yeyote.

Mwingine ni ugonjwa wa Guillain-Barré, unaoshambulia mishipa iliyo nje ya ubongo na uti wa mgongo. Mara nyingi hutokea siku au wiki chache baada ya kuharisha au mafua. Udhaifu huanza miguuni na kupanda juu. Ukifika kifuani, mgonjwa hushindwa kupumua. Wengi hupona wakitibiwa mapema hospitalini.

Dalili zisizofaa kupuuzwa

• Jicho moja kufifia, hasa likiuma linapogeuzwa.
• Ganzi, au udhaifu wa mkono au mguu, unaodumu zaidi ya saa 24.
• Kuyumba katika kutembea, au kuona kitu kimoja kuwa viwili.
• Mshtuko kama wa umeme ushukao mgongoni shingo inapoinamishwa.
• Mkojo kuzuilika au kutoka bila ya hiari.

Dalili za MS mara nyingi huja, hukaa siku au wiki, kisha hupungua. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa nafuu hudhaniwa kuwa kupona. Mfanyakazi wa nyumbani husema ni uchovu. Mama mwenye watoto wadogo husema ni kukosa usingizi. Lakini kila shambulio laweza kuacha kovu, na makovu yakikusanyika, ulemavu hubaki. Aliyepata nafuu naye aende kwa daktari, akiwa ameandika tarehe dalili ilipoanza na ilipoisha.

Joto la kiangazi

Wakati wa kiangazi, joto la Ibra na Nizwa hupita nyuzi 40. Kwa mwenye MS, mwili ukipata joto dalili za zamani huweza kurudi kwa muda; zikitulia mwili unapopoa, hilo si shambulio jipya. Mgonjwa na atoke asubuhi au jioni, anywe maji na kuoga maji ya baridi. Dalili mpya isiyoondoka baada ya mwili kupoa isisingiziwe joto.

Njia ya matibabu

Mgonjwa huanzia kituo cha afya kilicho karibu, na huweza kupelekwa hospitali ya Nizwa, Ibra au Sur, na pengine Maskati kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Hupigwa picha ya MRI, na pengine huchukuliwa maji ya mgongoni kwa sindano. Wengi huogopa kwamba sindano hiyo hupoozesha. Hofu hiyo haina msingi, kwani huchomwa chini ya mahali uti wa mgongo unapokomea. Asiyejua Kiarabu wala Kiingereza aulize kama yupo mhudumu ajuaye Kiswahili, au afuatane na mtu mzima anayemwamini.

MS haijapata dawa ya kuimaliza, lakini zipo dawa za kupunguza mashambulio, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza baadhi yake katika orodha ya dawa muhimu. Hufaa zaidi zikianzwa mapema, na hazifai kuachwa kwa sababu mgonjwa anajisikia mzima. Anayetaka kufunga Ramadhani, kushika mimba au kusafiri kwenda Afrika Mashariki ashauriane kwanza na daktari wake.

Kuchomwa kwa moto, yaani wasm, hakurudishi utando ulioharibika. Ngozi yenye ganzi haihisi moto, na jeraha huweza kuwa kubwa kabla ya kugunduliwa. Anayetumia dawa za mitishamba amwarifu daktari bila ya kuona haya.

Dharura

Mtu ambaye udhaifu wake unapanda kutoka miguuni, anayepumua au kumeza kwa shida, au aliyepoteza nguvu za upande mmoja ghafla, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Nambari ya dharura nchini Oman ni 9999.