Kauri wa Busoga na Bugisu: Sehemu ya Pili

Juma lililopita tulimweleza kauri akiwa hai: konokono wa maji mafupi, anayejificha chini ya mawe na kula mwani, huku nyama yake laini ikipanda juu ya ganda na kulifunika. Nyama hiyo ndiyo inayolifanya ganda ling'ae. Leo tulifuate ganda hadi Jinja na Mbale, karibu kilomita 1,000 kutoka baharini.

Katika jenasi ya Monetaria, spishi mbili ndizo zilizogeuka fedha. Monetaria moneta, wa rangi ya manjano na mwenye vinundu ubavuni, alivunwa hasa visiwa vya Maldivi. Monetaria annulus, mwenye pete ya rangi ya chungwa mgongoni, amejaa pwani yetu wenyewe. Lakini ukishika kauri kuukuu huku bara, mara nyingi utakuta mgongo umekatwa ili uzi upite, na pete imekwenda na kile kipande. Hapo inabidi utazame vinundu.

Katika masoko ya Buganda na Busoga, kauri zilitungwa mia mia. Mmisionari John Roscoe, katika kitabu chake The Baganda cha mwaka 1911, anataja ng'ombe kwa kauri 2,500 na mbuzi kwa 500. Fedha hiyo haikughushiwa, haikuoza, wala hapakuwa na Msoga aliyeweza kuiokota ufukweni. Ziwa Nalubaale (Viktoria) lina konokono tele, wakiwamo wale wanaoeneza kichocho, ila kauri hamna hata mmoja. Umbali wa bahari ndio uliozipa thamani. Kadiri misafara ya pwani ilivyozidi kuleta mizigo, thamani ilishuka.

Wengi husema reli ndiyo iliyoziua. Mimi nailaumu kodi. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya nyumba rupia 3 kwa mwaka, na mwanzoni maofisa walipokea hata kauri. Wangezifanyia nini? Ni nzito kubeba, tena huko Mombasa na London hazilipi deni la mtu. Mwaka 1901 serikali ikaacha kuzipokea. Reli ilifika Kisumu Desemba mwaka huohuo, ikakuta shauri limekwisha. Mtu asiyeweza kulipia kodi kwa kauri ana sababu gani ya kuuza mbuzi wake kwa kauri?

Jemadari wa Kiganda Semei Kakungulu alipokuwa akiujenga mji wa Mbale miaka michache baadaye, ganda hili lilikuwa likihama kutoka sokoni kwenda kwenye mapambo na matambiko. Wamasaba wa Bugisu wamelishona kwenye mapambo ya imbalu, tohara ya vijana inayofanyika miaka inayogawanyika kwa mbili. Huko Busoga, waganga waitwao baswezi hulivaa kichwani na kulitumia katika kupiga ramli. Anayelihitaji leo hulinunua kwa shilingi.

Juma lijalo: jinsi baswezi wanavyozisoma kauri zikirushwa mkekani.