Kanuni ya tendo la serikali

Kanuni ya tendo la serikali ni kanuni ya sheria ya katiba nchini Marekani. Inasema kwamba haki nyingi za kikatiba humlinda mtu dhidi ya serikali tu, si dhidi ya watu au mashirika binafsi. Anayeishtaki kampuni au chama kwa kuvunja haki hizo anapaswa kwanza kuthibitisha kwamba shirika hilo lilitenda kama serikali.

Asili

Marekebisho ya 14 ya katiba (1868) yanakataza majimbo kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Mwaka 1883 Mahakama ya Juu iliamua kwamba katazo hilo haliwahusu wenye hoteli na kumbi za maonyesho. Hivyo ilibatilisha sheria ya mwaka 1875 iliyozuia ubaguzi wa rangi mahali hapo. Marekebisho ya 13 (1865), yanayopiga marufuku utumwa, huwabana hata watu binafsi.

Shirika binafsi linapohesabiwa kuwa serikali

* Likifanya kazi ya dola: mwaka 1944 chama cha Democratic cha Texas kilikatazwa kuwazuia Weusi kupiga kura za kuteua wagombea. Mwaka 1946 iliamuliwa kwamba Shahidi wa Yehova hawezi kuadhibiwa kwa kugawa maandishi ya dini katika Chickasaw, Alabama, mji uliomilikiwa na kampuni ya kuunda meli.
* Likishikamana na serikali: mwaka 1961 mgahawa uliopanga katika jengo la umma la maegesho mjini Wilmington, Delaware, ulibanwa na katiba baada ya kukataa kumhudumia mteja Mweusi.
* Likiundwa na serikali na kubaki chini yake: ndivyo ilivyoamuliwa kuhusu shirika la reli Amtrak mwaka 1995.

Mipaka

Leseni au ruzuku peke yake haitoshi. Mwaka 1974 mteja wa Pennsylvania aliyekatiwa umeme bila kusikilizwa alishindwa kesi, ingawa kampuni ilisimamiwa na jimbo. Mwaka 1982 uamuzi kama huo ulitolewa kuhusu shule binafsi iliyotegemea karibu kabisa fedha za umma.

Umuhimu

Pale katiba isipofika, ulinzi hutegemea sheria za bunge. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ndiyo iliyozuia ubaguzi katika hoteli na migahawa binafsi. Kwa kulinganisha, kifungu cha 20 cha katiba ya Kenya (2010) kinasema kwamba haki za msingi huvibana vyombo vya dola na watu wote.