Utatuzi wa Hitilafu: Safari ya Sauti kutoka Kompyuta hadi Risiva na Runinga

Mtahiniwa, maswali ya utatuzi wa hitilafu huogopwa bure. Unaoneshwa vifaa vitatu au vinne vilivyounganishwa, unatajiwa dalili moja, kisha unaulizwa chanzo. Aliyekariri orodha ya majibu hukwama vifaa vikibadilishwa. Anayejua kufuata njia ya data, kifaa kwa kifaa, hujibu swali lolote la aina hii. Katika mada hii tutajifunza njia hiyo kwa mfano wa kompyuta, risiva na runinga.

KISA CHA KUANZIA

Katika shule moja niliyowahi kufundisha tulifunga kompyuta, runinga, risiva, spika tano na sabufa bwaloni, ili kidato cha nne watazame video za majaribio ya sayansi. Kompyuta iliunganishwa na runinga kwa waya wa HDMI. Runinga nayo iliunganishwa na risiva kwa waya wa faiba, ule unaobeba sauti kwa mwanga mwekundu. Tulipofungua video ya kwanza, picha ilikuwa safi, lakini sauti haikutoka kabisa. Fundi akaja, akatazama, akasema risiva imeungua na inunuliwe nyingine. Shule haikuwa na fedha. Vifaa vikakaa kimya karibu muhula mzima.

Zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya mtihani, mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, kama risiva imeungua, mbona redio yake inalia?"

Nikawasha redio ya FM iliyomo ndani ya risiva. Ikalia kwenye spika zote. Nikarudi kwenye kompyuta, nikapiga wimbo wa kawaida. Ukasikika vizuri. Dakika kumi baadaye hitilafu ilikuwa imejulikana, na hapakuwa na kifaa hata kimoja kilichoharibika. Ukimaliza mada hii utaweza kueleza mwenyewe ilikuwa nini.

1. KAZI YA KILA KIFAA

Kompyuta ni chanzo. Inasoma faili na kutoa data ya picha na sauti.
Risiva ina kazi mbili: kufungua data ya sauti iliyobanwa, na kuikuza ili isukume spika.
Runinga inaonesha picha. Katika baadhi ya mipangilio, huwa pia njia ambayo sauti hupitia kwenda kwenye risiva.

2. AINA MBILI ZA DATA YA SAUTI

Aina ya kwanza ni PCM. Hii ni sauti iliyo wazi: kila sampuli imeandikwa kwa namba, na kifaa hakihitaji kuifungua. Aina ya pili ni sauti iliyobanwa, kama Dolby Digital na DTS. Hii hufungwa ili ichukue nafasi ndogo, kisha hufunguliwa mbele ya safari.

Tazama hesabu hii. Filamu yenye chaneli 6 (spika tano na sabufa), sampuli 48,000 kwa sekunde, kila sampuli biti 16:

48,000 x 16 x 6 = biti 4,608,000 kwa sekunde.

Sauti hiyohiyo ya chaneli 6, ikibanwa kwa Dolby Digital kwenye DVD, haizidi biti 448,000 kwa sekunde. Ni kama sehemu moja ya kumi.

Waya wa faiba wa vifaa vya nyumbani umepangiwa kubeba PCM ya chaneli mbili tu: 48,000 x 16 x 2 = biti 1,536,000 kwa sekunde. Kwa hiyo PCM ya chaneli 6 haipiti humo, lakini Dolby Digital ya chaneli 6 inapita. Kumbuka hesabu hii. Tutairudia kwenye swali la mfano.

3. UPITISHAJI WA SAUTI NI NINI?

Fikiria bahasha iliyofungwa, iliyokabidhiwa kwa kondakta wa basi la Mbeya kwenda Dar es Salaam. Kondakta haifungui. Anaifikisha kama alivyopewa, na mwenyewe ndiye anayeifungua. Upitishaji wa sauti ni hivyo hivyo: kompyuta haifungui sauti iliyobanwa, bali inaituma kama ilivyo, na risiva ndiyo inayoifungua.

Upitishaji ukizimwa, kompyuta yenyewe inafungua sauti na kutuma PCM. Programu za kuchezea filamu kama Kodi na VLC zina mpangilio wa kuwasha au kuzima upitishaji. Katika Kodi unaweza pia kuchagua aina za sauti ambazo risiva yako inazifahamu.

4. NJIA ZA KUUNGANISHA

Njia ya kwanza: kompyuta, risiva, kisha runinga. Sauti inaishia kwenye risiva, na picha inaendelea hadi kwenye runinga. Hapa risiva inapokea bahasha moja kwa moja.

Njia ya pili: kompyuta, runinga, kisha risiva. Sauti inapitia kwenye runinga kwanza, halafu inakwenda kwenye risiva kwa waya wa faiba au kwa tundu la HDMI lenye alama ya ARC. ARC ilikuja na toleo la 1.4 la HDMI mwaka 2009. Inabeba PCM ya chaneli mbili au sauti iliyobanwa kama Dolby Digital. Toleo la 2.1 la mwaka 2017 lilileta eARC, inayoweza kubeba hata PCM ya chaneli nyingi.

Udhaifu wa njia ya pili ni kwamba runinga nayo ni kondakta. Kuna runinga nyingi zisizokubali kupitisha DTS. Bahasha inafika kwao na kuishia hapo.

5. VIFAA HUULIZANA

Unapochomeka waya wa HDMI, kompyuta husoma maelezo mafupi yaitwayo EDID kutoka kwenye kifaa kinachofuata. Maelezo hayo hutaja ukubwa wa picha na aina za sauti ambazo kifaa kinazikubali. Kompyuta ikisoma kwamba chaneli mbili tu ndizo zinazokubalika, inaweza kutuma chaneli mbili, hata kama risiva iliyo mbele ina spika sita. Kwa sababu hiyo, washa runinga na risiva kwanza, kompyuta iwe ya mwisho.

6. HATUA ZA KUTAFUTA HITILAFU

(i) Punguza sauti ya risiva. Hitilafu nyingine hutoa mlio mkali unaoweza kuharibu spika na kuumiza masikio.
(ii) Eleza dalili kwa usahihi. "Hakuna sauti" haitoshi. Je, ni faili zote au filamu tu? Ni spika zote au baadhi?
(iii) Gawa mnyororo. Jaribu redio ya risiva. Ikilia, amplifaya na spika ni nzima, na shaka inabaki kabla ya hapo.
(iv) Zima upitishaji, kisha piga wimbo wa kawaida. Ukisikika, waya na matundu ni mazima.
(v) Wimbo usiposikika, kagua machaguo mawili: kompyuta inatoa sauti kupitia tundu gani, na risiva imechaguliwa kupokea kutoka tundu gani.
(vi) Washa upitishaji, aina moja ya sauti kwa wakati mmoja, na kila mara soma kioo cha risiva. Kikiandika Dolby Digital au DTS, bahasha imefika. Kikiandika PCM, imefunguliwa njiani.
(vii) Badilisha kitu kimoja tu kila mara, na andika ulichobadilisha. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, hata ukifaulu hutajua ni kipi kilichosaidia.

7. DALILI NA CHANZO CHAKE

Dalili: nyimbo zinasikika, filamu ni kimya.
Chanzo: kifaa kimojawapo njiani hakikubali aina ya sauti iliyobanwa.

Dalili: mlio mkali wa kukwaruza badala ya sauti ya filamu.
Chanzo: sauti iliyobanwa inasomwa kama PCM. Simamisha filamu mara moja, kisha zima upitishaji wa aina hiyo.

Dalili: midomo inatangulia au inachelewa kuliko sauti.
Chanzo: picha na sauti hazichakatwi kwa muda sawa. Rekebisha ucheleweshaji wa sauti kwenye risiva au kwenye programu.

Dalili: kubadili kiwango cha sauti kwenye kompyuta hakuleti mabadiliko wakati wa filamu.
Chanzo: hii si hitilafu. Bahasha imefungwa, na kompyuta haiwezi kugusa kilichomo. Tumia rimoti ya risiva. Watahiniwa wengi hunaswa na dalili hii.

8. TURUDI KWENYE KISA

Redio ililia: amplifaya na spika zilikuwa nzima. Wimbo ulisikika: waya na matundu yalikuwa mazima. Kilichobaki ni aina ya sauti. Video ilikuwa na DTS, upitishaji ulikuwa umewashwa, na runinga iliyokuwa katikati haikupitisha DTS. Nilizima upitishaji wa DTS kwenye programu, kompyuta ikaifungua sauti yenyewe, na bwalo likasikia mara moja, ingawa kwa chaneli mbili. Baadaye tulihamishia HDMI ya kompyuta kwenye risiva, tukaongeza waya mmoja wa HDMI kutoka risiva kwenda kwenye runinga, na spika zote zikafanya kazi. Gharama ilikuwa waya mmoja. Risiva iliyohukumiwa kuwa imeungua ndiyo iliyoendelea kutumika.

9. SWALI LA MFANO

Kompyuta imeunganishwa na risiva kwa waya wa faiba. Filamu ina sauti ya Dolby Digital ya chaneli 6, lakini spika mbili tu ndizo zinazolia. Kioo cha risiva kimeandika PCM.
(a) Sauti inafunguliwa na kifaa gani? Toa sababu. (Alama 2)
(b) Kwa nini spika nne hazilii? (Alama 2)
(c) Pendekeza suluhisho lisilohitaji kununua kitu. (Alama 1)

Jibu:
(a) Inafunguliwa na kompyuta, kwa sababu risiva inapokea PCM, yaani sauti ambayo tayari iko wazi.
(b) Waya wa faiba hubeba PCM ya chaneli mbili tu, hivyo chaneli nyingine haziwezi kufika kwenye risiva.
(c) Kuwasha upitishaji wa Dolby Digital kwenye programu ya kompyuta, ili risiva iifungue yenyewe.

Angalia kwamba kila jibu limebeba sababu yake. Ukiandika "waya ni mbovu" bila jaribio linalothibitisha, unafanya kosa lile la fundi wetu. Ndani ya chumba cha mtihani kosa hilo linakugharimu alama. Nje yake, linaweza kumgharimu mtu risiva nzima.